Barabara ya Kirinyaga, Soko la Vipuri vya Magari Makuukuu

Mjini Nairobi, kutoka upande wa Globe na kwenda sambamba na Mto Nairobi, iko barabara iitwayo Kirinyaga. Hapo kale iliitwa Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika akafika Cairo mwaka 1900, akiwa ametembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Baadaye barabara ilipewa jina la Mlima Kenya kwa lugha ya Kikuyu, lakini mafundi na madereva wangali wakisema "Grogan". Hapo ndipo wengi waendapo kutafuta vipuri gari lao likiharibika.

Maduka yake ni membamba, na rafu zimejaa vyuma mpaka darini. Nje, juu ya vibao na maturubai, hupangwa taa, vioo, rejeta na milango iliyong'olewa katika magari mengine. Harufu ya oili na sauti ya nyundo hazikomi mpaka jioni.

Gari moja litafutiwalo sana vipuri ni Toyota HiAce. Gari hili lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1967, na lile la umbo lililotoka mwaka 1989 lingali likibeba kabichi, maziwa na abiria katika vijiji vingi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Kwa hiyo mwenye HiAce ya namna hiyo hana budi kuitunza aliyo nayo.

Mgeni afikapo Grogan hulakiwa na vijana wengi, kila mmoja akimwuliza, "Mzee, watafuta nini?" Wengi wao si wenye maduka bali ni madalali, na ujira wao huongezwa katika bei. Mwenye busara huwashukuru, akaingia dukani mwenyewe, akauliza bei katika maduka matatu kabla ya kutoa fedha.

Tena haji mikono mitupu. Huja na kile kipuri kilichoharibika, pamoja na karatasi yenye namba ya chesisi na namba ya injini. Namba hizo zina maana. Katika HiAce hizo, herufi LH huonyesha injini ya dizeli, na RZH injini ya petroli. Injini za dizeli nazo si moja: 2L ina ujazo wa lita 2.4, 3L lita 2.8, na 5L lita 3. Asemaye tu, "Nataka gasketi ya HiAce," huenda akapewa isiyolingana, akapoteza nauli ya safari ya pili huku mazao yake yakioza shambani. Na ajuaye namba ana faida nyingine: injini hizo zilitiwa pia katika Toyota Hilux, basi kisichopatikana kwa jina moja chaweza kupatikana kwa jina la pili.

Vipuri vya Grogan ni vya namna tatu: vipya vya kiwanda chenyewe, vipya vya viwanda vingine, na vilivyotumika. Mlango, kioo au kiti kilichotumika hakina madhara. Bali breki, na mkanda wa mpira uzungushao vali za injini, havifai kununuliwa vikiwa vimetumika. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000; ukikatika safarini, vali hugongwa na pistoni, na gharama huwa kubwa mno. Na kila ununuzi uwe na risiti, maana kipuri kisicho na risiti chaweza kuwa kimeibwa katika gari la mwenzio.

Hata hivyo, si kila ugonjwa wa gari wahitaji safari ya Nairobi. Injini ikichemka, kwanza ipoe kabisa, ndipo vitazamwe kifuniko cha rejeta, mipira ya maji na mkanda wa feni, kabla ya fundi kufungua injini. Dizeli ikikataa kuwaka asubuhi ya baridi, zipimwe plagi za kupashia moto. Ikizimika baada ya kubadilishwa filta, huenda hewa imeingia katika mafuta. Hutolewa kwa kuisukuma pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Mlango wa pembeni ukiwa mzito, mara nyingi vigurudumu vyake ndivyo vilivyolika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari kuukuu na awe na daftari, aandike ndani yake namba za gari lake, tarehe ya kila kipuri, bei yake na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Daftari hilo litamfaa siku ya kwenda Grogan, na siku nyingine litamwonyesha kwamba hana haja ya kwenda.