Nani Hupika Nyumbani?

Nilipojifunza uuguzi katika miaka ya 1980, wadi iligawanywa kwa kazi, si kwa wagonjwa. Asubuhi mmoja wetu alipima joto la wote, mwingine akafuata na sinia ya dawa, wa tatu akasafisha vidonda, wa nne akatandika vitanda. Mgonjwa aliguswa na mikono ya watu wengi kabla ya chai ya saa nne, na hakuna aliyeweza kueleza alilalaje usiku. Tulimwita kwa namba ya kitanda. Sista wa zamu alitaka kazi ziishe kabla daktari hajaanza raundi, na ziliisha. Mpango huo ulikuwa na sababu zake: wauguzi wachache, wagonjwa wengi, na mtu anayerudia kazi moja huifanya upesi.

Nadharia zilikaa darasani. Florence Nightingale, ambaye kitabu chake juu ya uuguzi kilitoka mwaka 1859, tulimjua kwa hewa safi, mwanga, usafi na utulivu. Virginia Henderson wa Marekani tulimjua kwa mahitaji yake 14, kuanzia kupumua, kula na kwenda haja, hadi kuabudu, kufanya kazi na kujifunza. Tuliyakariri kwa mpangilio kwa sababu mtihani uliyadai kwa mpangilio. Lakini chini ya orodha ile palikuwa na wazo zito ambalo Henderson alilieleza katika kijitabu kilichotolewa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960: kwamba muuguzi humfanyia mtu yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, tena kwa namna itakayomrudishia uwezo wake mapema. Na kama hawezi kupona, amsaidie kufa kwa amani.

Wazo hilo liliponifikia kwa kweli, nilikuwa nimerudi kwetu Kithimani. Anayepita barabara ya Thika kwenda Garissa ataona soko na matatu za Matuu, kisha nchi kavu ya Yatta. Mashamba yaliyo kijani ni yale yanayopata maji ya mfereji uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Mwenye shamba karibu na mfereji hula mboga mwaka mzima. Aliye mbali nao husubiri mvua. Tofauti hiyo tuliiona kliniki, kwenye sahani za watu na kwenye vidonda vyao.

Kwanza ulikuja UKIMWI. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, lakini wadi zilikuwa zimejaa muda mrefu kabla ya hapo, na dawa za kupunguza makali zikawa bure katika hospitali za umma mwaka 2006 tu. Katikati ya miaka hiyo tuliwaruhusu wagonjwa waende nyumbani tukijua hatuna la kuwapa zaidi. Hapo ndipo orodha ya Henderson ilipopata uhai mbele yangu. Mama aliyekuwa akimuuguza mwanawe hakuhitaji kujua jina la dawa ambayo hatukuwa nayo. Alihitaji kujua namna ya kumgeuza kitandani asipate vidonda, namna ya kumlisha uji mtu mwenye utando mdomoni, namna ya kufua shuka kwa usalama. Yote yamo katika yale 14. Nami nilifundisha uani, juu ya mkeka, huku majirani wakisikiliza nje ya ua.

Baadaye ugonjwa uliobadilisha kliniki yetu ukawa kisukari. Hapa niliegemea zaidi kwa Dorothea Orem, aliyechapisha nadharia ya kujitunza mwaka 1971. Kwake, uuguzi unahitajika pale mtu anaposhindwa kujitunza au kumtunza anayemtegemea, na kazi yetu ni kulijaza pengo hilo, kwa kumfanyia, kumsaidia au kumfundisha. Kisukari ni pengo la namna hii hasa. Muuguzi humwona mgonjwa kwa dakika chache, mara moja kwa mwezi. Saa zote zilizobaki, mgonjwa ndiye muuguzi wa nafsi yake.

Basi maswali yakabadilika. Zamani tungemwambia bibi apunguze wanga, tumpe karatasi, aondoke. Nilianza kuuliza, “Susu, nyumbani nani hupika?”

“Ni mimi. Napikia wajukuu muthokoi.”

“Na wewe unakula nini?”

“Hicho hicho. Sufuria ni moja.”

Hapo ushauri wa karatasi unaishiwa nguvu. Madeleine Leininger, muuguzi aliyesomea pia anthropolojia, alisisitiza kwamba kuna desturi za kuhifadhi, kuna za kupatana nazo, na kuna za kusaidia zibadilike. Hatukuiondoa muthokoi, chakula chetu cha mahindi na maharagwe. Tulikubaliana maharagwe au mbaazi zizidi mahindi, kipimo chake kipungue, na embe msimuni liwe moja, si beseni.

Swali la friji lilikuwa gumu zaidi. Wengi wanaochoma insulini hawana friji, na Yatta ina joto. Tuliwashauri wahifadhi chupa ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dadaab, mbali mbele kwenye barabara yetu hii. Uligundua kwamba insulini inayokaa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 hubaki na nguvu yake kwa wiki nne. Nilifurahi kupita kiasi, maana swali hilo lilitoka jikoni kwa mgonjwa.

Wauguzi wenzangu wa zamani walilalamika kwamba mipango ya uuguzi ya kila mgonjwa imetuletea karatasi nyingi, na sikubali kwamba walikosea kabisa. Muuguzi mmoja mwenye wadi nzima usiku atarudi kwenye kugawa kazi, hata awe amesoma nadharia zote. Kaunti ikitaka mgonjwa ashughulikiwe kama mtu kamili, iajiri wauguzi wa kutosha. Pia iongeze mstari mmoja katika fomu ya kliniki ya kisukari, baada ya sukari, shinikizo la damu na uzito: nani hupika.