Nani Anatunza Rangi za Ndege Zetu za Kivita?

Huku Uingereza si ajabu mtu mzima kukesha akibandika nembo ndogo kuliko punje ya mchele kwenye ubavu wa ndege ya plastiki. Nembo hizo, dekali kwa jina la wenyewe, ni stika nyembamba mno zilizochapwa juu ya karatasi yenye gundi. Unaikata moja, unaichovya katika maji ya uvuguvugu, unasubiri gundi ilegee, kisha unaitelezesha hadi mahali pake. Rangi ya chini isipong'arishwa kwanza kwa vanishi, hewa hunaswa chini ya stika na kuacha weupe wa fedha unaoharibu kazi yote. Kuna hata dawa ya kuilainisha ili izame ndani ya mistari ya mabati, ionekane imepakwa rangi na fundi wa kiwanjani. Lakini ufundi wa mikono ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni ubishi: miraba myeusi na myeupe ya Skwadroni 43 ya Jeshi la Anga la Uingereza ilikaaje kwenye jeti ya kivita ya Hunter, kichwa cha chui-milia cha Skwadroni 74 kilitazama upande gani, namba ya mkiani ilikuwa nyeupe au nyeusi mwaka huo.

Ubishi huo humalizwa kwa ushahidi, na ushahidi uko wazi kwa yeyote. Daftari za shughuli za skwadroni zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa pale Kew, na raia wa kawaida huomba kuzisoma. Picha za marubani zimechapishwa vitabuni. Ndiyo maana naona dekali si mapambo. Ni tanbihi ya historia, inayomlazimisha mtu kueleza ndege ipi, kikosi kipi, uwanja upi, mwezi gani.

Sasa chukua ndege hiyohiyo ya Hunter uipeleke Nairobi. Kenya ilinunua Hunter zilizowahi kutumiwa na Uingereza katikati ya miaka ya 1970; baadaye zikauzwa Zimbabwe. Anayetaka kuunda Hunter ya Uingereza ana dekali za kuchagua hadi achoke. Anayetaka ya Kenya hutegemea picha chache zinazozunguka mikononi mwa Wazungu wapenda ndege. Tanzania nayo ilirusha MiG-21 katika vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979. Ukitafuta michoro ya rangi ya ndege za vita hivyo, utaelekezwa kwenye kitabu cha Tom Cooper na Adrien Fontanellaz kilichotolewa Uingereza mwaka 2015, kwa Kiingereza. Siwalaumu waandishi hao; wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya.

Wako watakaosema watu wetu hawana mazoea ya kujali alama. Hoja hiyo haifiki hata kituo cha basi. Abiria wa Dar es Salaam huitambua daladala yake kwa mstari wa rangi ubavuni, na kijana wa Nairobi atakutajia matatu kwa michoro yake kabla hujaona namba. Jicho tunalo. Tulichokosa ni ruhusa ya kutazama.

Hapo ndipo hoja ya usalama inapoingia, nami sitaki kuipuuza. Jeshi lina haki ya kuficha idadi ya ndege zake, silaha zake na mahali zinapolala. Hata Marekani, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, ilifuta nembo nyingi zenye rangi kali na kupaka kijivu juu ya kijivu ili ndege zisionekane kwa urahisi angani. Ila kuna tofauti kati ya ndege inayoruka leo na ile iliyostaafu zaidi ya miaka 40 iliyopita. Adui gani atafaidika akijua Hunter ya Kenya ilipakwa kijani gani? Isitoshe, ndege za kivita za F-5 za Kenya hupita juu ya umati siku za sherehe za taifa, simu zote zikiwa zimeelekezwa juu. Kwa Kenya nadhani liko jambo la ndani zaidi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililofanywa na askari wa Jeshi la Anga, jeshi hilo lilivunjwa na lililoundwa upya likapewa jina la 82 Air Force. Jeshi lililofutiwa jina haliwezi kuwa na hamu kubwa ya kukumbuka michoro ya mikia.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: nembo hizi huvipamba vita. Mwishoni mwa 1953 ndege za Lincoln za Uingereza zilianza kudondosha mabomu juu ya wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Kumpa mtoto wa Nyeri nembo ya kikosi kama hicho aibandike kwa furaha kunakera, na inapasa kukera. Hata hivyo, nembo hiyohiyo ndiyo inayokuwezesha kufungua daftari la kikosi pale Kew na kujua nani aliruka siku gani. Wazee wa Mau Mau waliopata fidia ya serikali ya Uingereza mwaka 2013 walisaidiwa sana na majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza. Karatasi iliyotunzwa na mshindi ilimgeukia mshindi mwenyewe. Asiye na karatasi zake hutegemea za mwenzake, hata siku ya kumshitaki.

Kuanza kutunza kumbukumbu zetu hakuhitaji kiwanda cha plastiki, wala duka la modeli, ambalo bei zake kwetu zingekuwa za kutisha. Kunahitaji mtu wa kukaa na mafundi waliostaafu, albamu zao zikiwa wazi mezani, na kuandika chini ya kila picha namba, mwaka na uwanja. Fundi aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1974 sasa amevuka 70. Jeshi likitoa kibali kwa ndege zilizokwisha kuuzwa au kukatwa vyuma chakavu tu, kazi inaweza kuanza mwaka huu, na kwa Kiswahili.