Ngao ya Kuku Mmoja, Msiba wa Jirani

Katika kambi ambamo mabanda ya kuku hupakana, jamaa anayenunua vifaranga waliochanjwa hulala usingizi. Jirani yake, ambaye hakuchanja, huenda akafukia kuku kila asubuhi. Hapo lawama huanza, hata uchawi ukatajwa. Kumbe chanzo chaweza kuwa mahepe.

Mahepe ni ugonjwa ulioelezwa mwaka 1907 na József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria. Kirusi chake hupoozesha miguu na mabawa, tena huleta uvimbe mwilini. Chanjo yake iliyoenea tangu miaka ya 1970 hutokana na kirusi cha bata mzinga, kisichomdhuru kuku.

Chanjo hiyo huzuia kifo, lakini haikizuii kirusi kikali kuingia. Virusi vyote viwili hukaa katika kuku mmoja, naye hutoa kile kikali katika vumbi la manyoya yake. Mwaka 2015 Andrew Read na wenzake walionyesha kwamba kirusi kikali mno humwua upesi kuku asiyechanjwa, kabla hajakieneza sana. Ndani ya kuku aliyechanjwa hupata muda wa kusambaa.

Basi majirani na wachanje vifaranga wote siku ya kwanza ya kuanguliwa, na kuwatenga na kuku wakubwa, kwa kuwa kinga huchukua takriban wiki moja kukomaa. Vumbi la zamani liondolewe kabla ya kundi jipya kuingia. Ngao humkinga aliyeishika. Ufagio huwakinga wengi.