Martini ya Kangaruu

Kwenye ubavu wa kulia wa bunduki yangu kuna kangaruu. Amegongwa muhuri ndani ya chuma, hazidi ukucha wa kidole gumba, na mkia bado unaonekana vizuri. Ni alama ya serikali ya Australia, ambayo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza iliagiza bunduki ndogo za Martini kutoka kwa BSA na W. W. Greener wa Birmingham, ili vijana wa shule wajifunze shabaha. Zilipiga risasi ya .310, yenye kichwa cha madini ya risasi cha greini 120 hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ziliuzwa kama mali iliyopitwa na wakati, na nyingi zikafika Marekani, enzi ambazo mtu aliweza kuagiza bunduki kwa posta. Sheria ya mwaka 1968 ilipokomesha agizo la posta, tayari zilikuwa zimejaa kwenye karakana za huku, mitutu imechoka lakini miili mizima kabisa.

Yangu niliipata Pueblo, Colorado, kwa mzee jirani aliyesomea ufundi wa bunduki Trinidad, kusini mwa jimbo hili, kwenye chuo ambacho fundi bunduki mashuhuri P. O. Ackley alifundisha miaka michache baada ya vita. Mimi ni mkereza vyuma, nimefunzwa VETA Chang'ombe, na nilipohamia huku sikuwa na hamu hata kidogo na bunduki. Kwetu Tanzania, baruti mikononi mwa mtu binafsi maana yake ni gobore na kesi mahakamani. Kilichonivuta ni mashine ya kukereza iliyokuwa karakanani kwake, na namna alivyonisogezea maikromita bila kusema neno, aone kama najua kuisoma.

Martini ni bunduki ya risasi moja. Haina magazini. Unashusha wenzo ulio chini ya shingo ya kitako, kizibo kinainama upande wa mbele na kufungua mlango wa mtutu, unatia risasi kwa kidole, unapandisha wenzo. Asili yake ni Henry Peabody wa Massachusetts, mwaka 1862. Friedrich von Martini, mhandisi wa Uswisi, akaondoa nyundo ya nje na kuficha mfyatuo wote ndani. Kwenye hii ndogo ya vijana, ukichomoa pini moja mtambo mzima unatoka kama droo ya meza, unauweka juu ya kitambaa na kuona kila kipande kinavyomsukuma mwenzake. Nimefungua mashine nyingi maishani mwangu. Sijaona iliyopangwa vizuri kuliko hii.

Tuliamua kuifanya .22 Hornet. Risasi hiyo ilikuzwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na maofisa na wapenzi wa shabaha waliozunguka kiwanda cha silaha cha Springfield, akina Townsend Whelen na Grosvenor Wotkyns, kutoka kwenye ganda la zamani la .22 WCF la enzi ya baruti nyeusi. Winchester walianza kuuza risasi hizo mwaka 1930, kabla kiwanda chochote hakijauza bunduki ya kuzipiga. Watu wa kwanza kuzitumia walikuwa wenye bunduki za kutengenezewa na fundi. Kwa hiyo tulichokuwa tunafanya karakanani kilikuwa desturi ya Hornet yenyewe.

Mtutu mpya niliukereza mimi. Mzee alishughulika na kizibo. Mgandamizo wa .310 ni mdogo, na tundu la pini ya kufyatulia lilikuwa pana. Hornet ingeisukuma fataki iliyo kwenye kitako cha ganda mpaka chuma chake laini kiingie tunduni. Akaliziba tundu, akatoboa jingine dogo, akanoa pini mpya iendane nalo, kazi iliyomla siku kadhaa, na sikumsikia akilalamika.

Kizazi chake kilijaza risasi nyumbani kwa sababu ya ufukara. Alinionyesha koleo lake la Lyman, la mkono mmoja, ambalo baba yake alilitumia juu ya meza ya jikoni. Baruti walinunua kwa Bruce Hodgdon wa Kansas, aliyejipatia baruti ya 4895 iliyobaki vitani na kuiuza kwa bei ambayo mkulima aliimudu. Ganda lilitumika mpaka likapasuka. Risasi ya dukani ilikuwa ya Krismasi.

Mimi nilianza enzi nyingine, na kwa sababu nyingine. Nilinunua kipima mwendo na nikawa naijadili Hornet kwa mwendo wa risasi tu, futi kwa sekunde. Baruti ya 2400, iliyokuwa ya kampuni ya Hercules, imekuwa na Hornet tangu miaka ya 1930. Siku hizi wengi hutumia Lil'Gun, iliyotengenezwa kwa ajili ya shotigani ya .410 na ikageuka kuwa rafiki wa ganda hili dogo. Kwa kila tone la mwendo nililoongeza kwa kufuata vitabu vya watengenezaji, matundu kwenye karatasi yalibaki yametawanyika vilevile, kama inchi 2 kwa yadi 100.

Mzee hakupinga. Alichukua noti ya dola, akaipitisha kati ya mtutu na mbao ya mbele. Ikakwama katikati. Mbao ya mbele ya Martini hubanwa moja kwa moja kwenye mtutu, na mtutu ukipata joto hutanuka na kuisukuma. Kila risasi inaondoka kwenye mtutu uliobanwa tofauti na iliyotangulia. Kwenye bunduki nene ya vita hilo halina uzito. Kwenye mtutu mwembamba wa kaliba ndogo ndilo jambo lenyewe. Tulitengeneza mkono mfupi wa chuma, tukaufunga kwenye mwili wa bunduki, na mbao ya jozi ikaning'inia hapo bila kugusa mtutu popote. Noti ikapita mpaka mwisho. Yale matundu yakasogeleana jioni ile ile, bila kugeuza chochote kwenye baruti.

Tangu hapo akili yangu ilihama kutoka kwenye baruti kwenda kwenye ganda, na haijarudi. Ganda la Hornet ni jembamba mdomoni kiasi kwamba ukikosea pembe kidogo wakati wa kukandamiza kichwa, linakunjamana. Linashika chini ya greini 15 za baruti, na greini ni sehemu moja ya 7,000 ya ratili. Katika ganda kubwa la .30-06 moja ya kumi ya greini haionekani, humu inaonekana. Kwa hiyo nayapima maganda matupu kwenye mizani na kuyapanga kwa uzito, nalainisha kingo za mdomo kwa ndani, na kalibu ya kubana naiweka ibane shingo tu, ili bega la ganda libaki limekaa pale chemba ilipoliumba. Ganda likishikwa begani badala ya kwenye ukingo wake wa nyuma halivutwi kila linapopigwa, na linaishi muda mrefu. Vichwa ni vyepesi, greini 35 au 40, kwa sababu mzunguko wa mifereji ya mtutu huu, duru moja kwa inchi 16, hauwezi kutuliza kichwa kirefu. Sasa risasi zinakaa ndani ya inchi moja mradi upepo umetulia.

Mwaka 2020 fataki zilitoweka madukani Marekani nzima, na kilichobaki kilikuwa na bei ya kutisha. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa na boksi zake, zenye mwandiko wake wa penseli, na nikajikuta natumia fataki kama baba yake alivyotumia: risasi moja, kisha kusubiri mtutu upoe, kisha kuitazama karatasi kwa darubini kabla ya kugusa wenzo tena. Bunduki ya risasi moja inamfaa mtu wa namna hiyo.

Binti yangu ndiye anayeipiga zaidi siku hizi. Hornet haimpigi bega, na ana mkono mtulivu kuliko wangu. Mwaka huu kanunua Martini yake, yenye kangaruu na mtutu wa asili ambao mifereji yake bado ni safi.

"Tuigeuze Hornet?" nikamuuliza.

"Hapana, Baba. Hii iache ilivyo."

Maganda ya .310 ni adimu, lakini hutengenezwa kutokana na ya .32-20, kwa kuyafupisha na kupunguza unene wa ukingo. Keshayaagiza. Ukingo nitampunguzia mimi kwenye mashine ya kukereza. Madini ya risasi ya kumimina vichwa anasema atayayeyusha mwenyewe.