Fumbo la Matumbawe

Katika mantiki tulifundishwa seminarini kwamba kweli mbili hazipingani. Zikionekana kupingana, tutafute dhana ambayo haikutamkwa. (Mvivu hukana mojawapo, akapumzika.) Maji ya matumbawe ni maangavu kwa kuwa virutubisho ni haba, hata hivyo yamejaa samaki. Fumbo hilo huitwa kwa jina la Darwin, aliyeandika juu ya miamba hiyo mwaka 1842. Tulichodhani kimya kimya ni kwamba chakula chote huletwa na maji. Kumbe mwani mdogo mno huishi ndani ya mnyama wa tumbawe, humlisha sukari na kupokea mabaki yake. Mwaka 1998 bahari yetu ilipopata joto kupita kiasi, wanyama hao waliutoa mwani, wakageuka weupe, na wengi wakafa njaa, maji yakiwa maangavu vilevile.