Bakuli la merengi na malai nyumbani kwa mama mkwe

Leo tunakuleteeni kitamu cha wakati wa baridi, tabaka za merengi, malai na matunda, na pamoja nacho jambo tulilolificha mwaka mzima. Tungeweza kuandika mapishi peke yake, lakini tukaona tutakuwa tumedanganya mara ya pili.

Sisi ndugu wawili tunaishi Leicester, Uingereza. Mdogo wetu, kitinda mimba, aliolewa Unguja kisha akamfuata mumewe huku huku, akaingia nyumba moja na mama mkwe. Mama huyo ni Mzanzibari aliyehamia Uingereza siku nyingi, anajua biriani ya harusi na anajua mapishi ya Kiingereza pia. Mdogo wetu alikuwa anajua kupika vitu vitatu, na kimoja ni chai. Mama yetu alipokuwa anamfungia mizigo alimwambia asihofu, mengine atafundishwa na dada zake. Hatukumfundisha. Kazi, watoto, baridi, kila siku kesho.

Ikafika Disemba yake ya kwanza. Huku mwezi huo Maghrib inaingia kabla ya saa kumi jioni, watu wako likizo, na jamaa hutembeleana kwa sababu nje hakuna pa kwenda. Mama mkwe akasema wageni wanakuja Jumamosi, yeye atapika pilau, na kitamu kitatoka kwa bibi harusi. Mdogo wetu akatupigia simu analia. Tukampikia sisi usiku, na asubuhi, mama mkwe akiwa kazini, tukapitia mlango wa jikoni, tukalitia bakuli ndani ya friji, tukaondoka mbio kama wezi. Usiku akapiga tena. Wageni wamesifu, mama mkwe kauliza malai umeyafanyaje yakakaa hivi, na yeye kajibu, "Nimeyachapa tu, mama." Tulicheka mpaka machozi.

Mchezo ukaendelea. Iddi, akika ya mtoto wa shemeji, wageni kutoka London. Mara nne kwa hesabu yetu. Mara ya tano, baridi hii, mama mkwe akasema: "Safari hii chapa mbele yangu, na mimi nijifunze."

Ushauri wetu wa mwanzo tunaona haya kuuandika. Tulimwambia ajifunze upesi, apike, na yaliyopita ayaache yapite, kwani kuna sitara. Akatujibu kwamba sitara ni kumfunika mwenzako aibu yake, siyo kujivika pambo lisilo lako. Akatukumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeuliza kama ana ubaya akimwonyesha mke mwenzake kuwa amepewa na mumewe kitu ambacho hakupewa. Mtume (S.A.W.) alimfananisha anayejipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Sisi ndio tuliomkaririsha hadithi hiyo alipokuwa mdogo, chuoni kwa bibi. Tukanyamaza, tukatoa mayai.

Basi sikilizeni tulivyomfundisha, maana kitamu hiki kinataka utulivu kuliko ufundi.

Merengi ni ute wa yai na sukari. Ukiuchapa ute unaingiza hewa, na ute wenyewe unaishika ile hewa ikawa povu. Adui wa povu ni mafuta, na kiini cha yai kina mafuta. Tone moja la kiini linatosha kukuchosha mkono bure. Kwa hiyo yapasue mayai yakiwa ya baridi, hapo kiini kinatengana vizuri, kisha uache ute upoteze ubaridi kabla ya kuuchapa. Na kila yai lipasulie kwanza kwenye kikombe kidogo. Likiharibika limeharibika peke yake. Bakuli liwe la kioo au la bati, la plastiki hubakisha mafuta hata ukiliosha. Lifute kwa kitambaa chenye siki.

Kwa watu kumi tunatumia ute wa mayai sita na sukari laini gramu 330. Kama nyumbani una sukari ya chenga kubwa, isage kidogo kwenye blenda. Chapa ute mpaka usimame, ndipo utie sukari kijiko kimoja kimoja, bila pupa. Hapa ndipo maharusi wengi wanaharibu. Sukari ikimwagwa kwa pamoja haiyeyuki, na baadaye merengi inatoa matone ya shira kama inalia. Chukua povu kidogo usugue baina ya vidole viwili. Ukihisi chenga, endelea. Likiwa laini na linang'aa, tia kijiko kimoja cha chai cha siki na viwili vya kornflawa, ule unga mweupe laini wa mahindi, ukoroge taratibu kwa mwiko. Siki hulikaza povu, na unga husaidia ndani kubaki laini.

Wapo wanaotia krimu ya tata badala ya siki. Ile hutokana na ukoko unaoganda kwenye mapipa ya mvinyo. Wako wanaoona hakuna tatizo kwa kuwa ni kitu chengine kabisa sasa, lakini sisi siki na ndimu zinatutosha. Arki ya vanila nayo, soma chupa, nyingi zimetengenezwa kwa alkoholi. Sisi tunatia iliki kwenye malai, na hakuna mgeni aliyewahi kuulizia vanila. Uzuri wa kitamu hiki ni kwamba hakitaki jelatini wala jeli. Ukialikwa kula trafo ya Kiingereza ile ya tabaka, uliza kwanza. Kwa desturi hutiwa mvinyo, na jeli yake mara nyingi ni ya nguruwe au ya ng'ombe asiyejulikana kachinjwaje.

Tandaza povu kwenye karatasi ya kuokea, viduara viwili vyenye upana wa bakuli utakalopakulia. Oveni iwe nyuzi joto 110, kwa saa moja na nusu, na usiifungue. Kisha zima, uache merengi ipoe humo humo. Ukiitoa kwenye moto ukaipeleka kwenye baridi inapasuka. Ikipasuka pia si msiba, itavunjwa.

Asili ya mtindo huu ni keki ya pavlova, iliyopewa jina la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Nchi mbili hizo mpaka leo zinagombania nani aliibuni. Kule Disemba ni kiangazi, kwa hiyo wanaipamba kwa matunda mabichi. Waingereza nao wana yao ya kiangazi, ya stroberi, malai na merengi iliyovunjwavunjwa, inayoitwa kwa jina la skuli ya Eton. Huku kwenye baridi stroberi nzuri hazipo, na zinazouzwa ni ghali na hazina ladha. Kwa hiyo tunanunua za barafu, rasiberi, blakberi na bluuberi zilizochanganywa, gramu 700. Ambaye hajawahi kuzionja afikirie forosadi na zambarau zilizokamuliwa ndimu. Zitie sufuriani na sukari gramu 80, maji ya chungwa moja, na kijiti cha mdalasini. Zichemke kidogo, zisipondeke, kisha zipoe kabisa. Zikiwa na joto zitayeyusha malai yako yote.

Malai tunatumia yale mazito, mililita 600, na iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Yachape yakiwa ya baridi, na uache pale yanaposimama kwa ulaini. Ukiendelea kidogo tu yanakatika yanakuwa siagi. Sukari usitie, merengi inayo ya kutosha. Kisha panga: merengi iliyovunjwa, malai, matunda na rojo lake, rudia mpaka juu. Panga saa moja kabla ya kula, isizidi mbili, maana merengi inanyonya maji. Viini sita vilivyobaki fanyia kastadi kesho yake.

Mdogo wetu alifanya yote haya jikoni kwetu mara mbili, na ya pili ilikuwa nzuri kuliko yetu.

Jumamosi tukaenda sote. Mama mkwe aliweka kiti jikoni, akakaa na tasbihi yake, sisi tukaamrishwa tukae sebuleni. Mlango ulikuwa wazi. Tulisikia yai la kwanza, la pili, la tatu. Kwa haraka au kwa woga, la sita alilipasua moja kwa moja juu ya bakuli badala ya kikombe. Kiini kikapasuka, ute wa mayai yote sita ukaingia manjano. Kukawa kimya. Kisha tukamsikia anasema, na sauti inatetemeka: "Mama, mimi hiki ndiyo mara ya kwanza kukifanya hapa. Vile vyote vya nyuma walifanya dada zangu."

Tulitamani zulia litufunike.

Mama mkwe akasema, "Najua."

Alijua tangu siku ya kwanza. Alipotoka kazini alifungua pipa la taka asione ganda la yai hata moja. Halafu akaligeuza bakuli. Chini yake tumetia alama ya rangi nyekundu ya kucha, kama mama yetu anavyofanya, ili chombo kisipotee shughulini. "Bakuli lenye alama," akamwambia, "ni la mwanamke ambaye vyombo vyake vinazunguka majumba ya watu. Wewe hata shughuli moja hujaifanya." Kisha akapaza sauti, "Na nyinyi wawili njooni mmenye vitunguu."

Tukaenda. Tukamwomba radhi pale pale, huku tunamenya, na machozi yetu asijue mtu ni ya kitunguu au ya haya. Mmoja wetu akathubutu kumuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima. Akasema alikuwa anangoja aone nani atamwambia. Kisha akaongeza jambo ambalo hatukulitarajia: "Mara nne mmeingia nyumbani kwangu kwa mlango wa jikoni wakati sipo. Nilikuwa najiuliza nimewakosea nini, hata hamtaki kukaa na mimi tukanywa chai."

Sisi tulidhani tunamlinda mdogo wetu na ulimi wa mkwe. Kumbe mama wa watu, mwenye watoto wazima walioenea kila mji, alikuwa anahesabu wageni waliompita.

Mayai mapya yalipatikana kwa jirani. Merengi ikatoka nyeupe na kavu, kisha tukaiharibu kidogo sisi wenyewe. Tuliitoa mapema kwenye oveni na kuiweka karibu na sufuria ya pilau, na mvuke ukailainisha pembeni ikawa inanata kama halua. Ndiyo maana hata nyumbani Unguja wakati wa masika hii ni ya kuhifadhiwa kwenye kopo linalofunga sawasawa. Sukari inavuta unyevu popote ulipo. Tukaivunja tukaipanga hivyo hivyo, na zile sehemu za kunata watoto ndizo walizogombania.

Wageni walipouliza, mama mkwe alijibu kabla ya mtu: "Kafanya mke wa mwanangu. Mayai sita ya mwanzo yameharibika." Mdogo wetu akacheka. Sisi tulikuwa hatujamsikia akicheka ndani ya nyumba ile tangu aingie.

Siku hizi tunapitia mlango wa mbele, Jumamosi baada ya Dhuhuri, na chai inakuwa tayari. Bakuli letu liko kwake mpaka leo. Tulipoliulizia alisema chombo cha watu hakirudi kitupu, na yeye bado hajaamua atie nini.