Usimwache Mwalimu

Mpwa wangu mpenzi Salimu,

Bibi yako magoti yanamsumbua, ila mdomo mzima, na anakuulizia kila siku. Mama yako katuletea habari mbili: bendi imekupa gitaa la solo, na tangu hapo hujakanyaga kwa mwalimu wako wa gitaa la klasiki. Ya kwanza imenifurahisha. Ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Hivi huyo mpiga gitaa Randy Rhoads uliyembandika ukutani unamjua vizuri? Wengi wanamjua kwa makelele ya mwimbaji wa roki Ozzy Osbourne. Alizaliwa 1956 Santa Monica, California, na mama yake, Delores, alikuwa na shule ya muziki, Musonia, huko North Hollywood. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu mamaye alimfunza hasa. Randy alipokuwa na bendi ya Quiet Riot, usiku yuko jukwaani, mchana anafundisha watoto wa watu Musonia. Rekodi zao mbili za wakati huo zilitoka Japani tu, naye hakususa.

1979 Ozzy akamchukua. Sasa tafuta albamu yao ya kwanza, Blizzard of Ozz, ya 1980. Katikati ya ngurumo zile kuna kipande kinaitwa "Dee", gitaa tupu, bila ngoma wala mwimbaji, hakifiki hata dakika moja. Alimtungia mama yake. Weka simu kando, usikilize sauti ya chini inavyotembea taratibu huku ya juu ikiimba. Hayo hayatoki kwenye kelele, mwanangu, yametoka darasani.

Tena hakuishia hapo. Bendi ikishuka mji mpya, yeye hutafuta mwalimu wa gitaa la klasiki, alipe ada, akae afundishwe. Jina liko kwenye mabango, mwenyewe yuko kwa mwalimu! Alikuwa akiwaza hata kuacha roki akasome chuo kikuu.

Mimi nilipiga rithim miaka mingi. Nimewaona wapiga solo wenye vidole vya ajabu, na nyimbo walizokuja nazo ndizo walizozeeka nazo. Makofi matamu, lakini hayakuambii kidole kipi kimekaa vibaya.

Chuo hicho Randy hakukifikia. Asubuhi ya Machi 19, 1982, huko Leesburg, Florida, dereva wa basi lao, aliyekesha barabarani na mwilini ana kokeni, alimpandisha yeye na mwenzao mmoja kwenye kindege kidogo kujifurahisha, akakirusha mwenyewe. Bawa likaligonga basi walimolala wenzao, ndege ikaangukia nyumba. Wakafa watatu. Randy alikuwa na miaka 25.

Nanyi mnasafiri usiku. Zamani zetu, tukimaliza kupiga saa tisa, kama dereva kanywa, kiongozi wetu alichukua ufunguo, tukalala juu ya maspika mpaka asubuhi. Tulimnung'unikia sana, lakini wote tulifika. Ukimwona dereva hafai, shuka. Wakikucheka, waambie mjomba kakataza.

Ada ya miezi mitatu nimeshamtumia mama yako. Jumatatu uwe kwa mwalimu, na ukitoka unipigie simu.

Mjomba wako,
Tanga